Thuluthi

Ngazi kumi na tatu, juu ya duka la magodoro, Langoni.
Kwenye ya saba nilisimama
nikajifanya natengeneza buibui.
Kumbe Nuru yuko mlangoni, ananihesabia.
"Bi Mwanamize, na nyumbani kwako ngazi ngapi?"

Sikuja kuulizwa ngazi.
Nimekuja na hati ya nyumba ndani ya mfuko wa unga wa ngano,
stakabadhi za kodi ya ardhi, bangili nane,
na neno nililolikariri njia nzima:
isiuzwe.

Mtoto huyu nilimfundisha mimi alifu na bee.
Thee ina nukta tatu, yeye akitia mbili.
Leo ana miwani, ana mhuri,
haruki hata nukta.

Nani atakugeuza usiku, ubavu huu hadi huu?
Nani anajua kidonge cha manjano ni cha saa ngapi?
Mkono ukishindwa kutia sahihi, nani aende benki,
na nani amkague huyo aliyekwenda?
Ukikataa kula, ulazimishwe?

Nikamwambia nina watoto.
"Wako wapi?"
Maimuna yuko Jedda, anatuma picha za wajukuu.
Bwanaadi yuko Mombasa, anatuma watu waje kupima nyumba.

"Na Tima?"
Tima si wangu. Alikuja kutoka Siyu kuosha vyombo
mwaka ule mvua ilipoangusha ukuta wa kiwandani,
akabaki kuniosha mimi.
Anajua goti langu lipi linadanganya.
Nikasema, kama mtu anayefunga dirisha:
huyo hana fungu kwenye mirathi.

"Hana fungu," akasema Nuru. "Ana nafasi.
Warithi Mungu amekwisha kuwagawia, wosia hauwahusu.
Lakini thuluthi umeachiwa wewe,
umpe asiyerithi."

Miaka sabini na minane
nafagia nyumba ile, naipaka chokaa,
sikujua kuna thuluthi yake imekaa kimya
inangoja nitaje jina.

Kisha tukahesabu warithi.
Maimuna. Bwanaadi. Lali.
Kalamu ikasimama.
Feni ikaendelea kana kwamba haikusikia.
"Lali, Bi?"
Lali, mwanangu wa kati, yule wa kugombania ukoko…
Nikauona uso wa Nuru,
na habari ya msiba ikanifikia upya,
pale pale, juu ya magodoro ya watu.

Hakuandika. Alifunga jalada, akanimiminia maji.
"Wosia hautaki haraka, unataka akili iliyoamka.
Njoo Jumatano, asubuhi, kabla jua halijakuchosha.
Nitamwita daktari, na mashahidi wawili
wasio na cha kupata."

Jumatano nilipanda na wino kiganjani:
Maimuna. Bwanaadi. Lali yuko kwa Mola.
Daktari akaniuliza siku, akaniuliza mwezi,
nikamjibu, nikamwongezea na bei ya sukari.

Basi imeandikwa.
Kitanda changu kishuke sabule.
Juu papangishwe, kodi imlipe Tima kila mwezi,
mshahara, si ahsante.
Maimuna ashike daftari, hata akiwa Jedda; Bwanaadi alikague.
Nisipelekwe Mombasa ila niombe mwenyewe,
na niwe nimeomba asubuhi.
Na nikifa, vyumba viwili vya nyuma, vyenye mlango wa uchochoroni,
ni vya Tima binti Shee.
Havizidi thuluthi. Vipimo tulikuwa navyo tayari:
walivichukua watu wa Bwanaadi.

Nikabonyeza dole gumba, ingawa najua kuandika.
Nilitaka kuona alama yangu.

Jioni sikumwambia kitu.
Bado tuna ugomvi wa chumvi, mimi na Tima,
daktari kakataza, naye kaificha.
Akaniketisha, akanivua, akaanza na mikono,
akakuta wino.
Akasugua Maimuna.
Akasugua Bwanaadi.
Akafika kwa Lali, akaacha.